Kikuba cha Bibi Harusi na Mti Uliomeza Msitu

Leo tuweke pembeni habari za vitambaa na kumbi, tuzungumze historia. Msikimbie. Historia yenyewe imeanzia kwenye sinia la singo.

Mwaka huu tulimuoza mtoto wa kaka yangu huko Pemba, shamba, upande wa Wete. Siku mbili kabla ya nikaha tulikaa uani, somo wake katikati, sinia mbele yake: asumini, waridi, rehani, liwa iliyokwisha sagwa, karafuu. Somo akageuza geuza maua kwa kidole, kisha akauliza, "Mkadi uko wapi? Na mlangilangi?" Tukatazamana. Watoto wakatumwa kwa jirani, wakarudi mikono mitupu. Mlangilangi wa jirani ulikatwa ilipojengwa nyumba ya mwanawe. Mkadi uliokuwa karibu na kisima uling'olewa zamani, hakuna aliyekumbuka mwaka. Mwishowe tulipiga simu Unguja, wifi yetu akanunua Darajani, vikaja na boti vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, nusu vimeshanyauka.

Somo hakukasirika. Alisema tu, "Zamani vyote hivi vilikuwa nyuma ya jiko." Kisha akachukua kiganja cha karafuu akaendelea na kazi yake.

Maneno yale hayakunitoka. Katika sinia lile kitu kimoja tu hatukukitafuta, nacho ni karafuu. Karafuu ipo kila nyumba. Kwa nini kisiwa kizima kimejaa mti mmoja, na maua mengine yaagizwe kwa boti? Jibu lake ni hadithi ya miaka mia mbili.

Mkarafuu si mti wetu wa asili. Asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Waholanzi walijaribu kwa muda mrefu kuufungia huko ili biashara iwe yao peke yao, lakini mnamo mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kufikisha miche Mauritius. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa mkarafuu ukaja Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa sana kuwa ndilo lililouleta ni la Saleh bin Haramil al-Abry. Fikirini hilo: mikarafuu yote iliyofunika visiwa vyetu imetokana na mbegu chache zilizopita mikono michache. Ni kama ukoo mzima uliozaliwa na bibi mmoja. Ukiingia ugonjwa mwilini mwa mmoja, wote wana damu ile ile.

Kabla ya hapo upande wa magharibi wa Unguja, wenye udongo mzito, na sehemu kubwa ya Pemba vilikuwa na msitu, makonde ya chakula na minazi. Waarabu waliita Pemba Al-Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani, nao Wapemba walikuwa wakipeleka mpunga mpaka Mombasa. Kisiwa kilikuwa kikilisha wengine. Leo tunakula mchele wa meli.

Seyyid Said alipouona utamu wa karafuu hakuchelewa. Inasimuliwa kwamba aliamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe ardhi. Misitu ikafyekwa, ikachomwa, ikapandwa mistari. Bintiye, Seyyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na ambaye kitabu chake cha kumbukumbu kilitoka Berlin mwaka 1886, anasema baba yake alikuwa na mashamba 45. Ukimsoma Salme utapenda habari za majumba, nguo na manukato ya wanawake wa kasri. Mimi nilimsoma mara ya kwanza kwa ajili ya hayo hayo. Nilipomsoma mara ya pili nikaanza kujiuliza ni nani aliyekuwa akichuma.

Waliochuma ni watumwa. Walioletwa kutoka bara, wanaume kwa wanawake, ndio waliofyeka msitu ule, wakachimba mashimo, wakapanda, wakapalilia, wakapanda juu ya miti kuchuma, na usiku wakakaa kuchambua makonyo kutoka kwenye karafuu. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa mwaka 1897. Kati ya miaka hiyo karafuu haikusimama hata msimu mmoja. Naandika haya kwa sababu katika blogu za harusi tunapenda kuiita karafuu "urithi wetu", na ni urithi kweli, lakini mrithi mwema hurithi pamoja na madeni. Wengi wetu, tukifukua nasaba vizuri, tutakuta bibi upande wa mwenye shamba na bibi mwingine upande wa aliyechambua makonyo.

Sasa tuje kwenye siku ambayo bibi zetu wa Unguja waliisimulia kwa vizazi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Sisi tuko karibu mno na mstari wa ikweta, vimbunga kwa kawaida havifiki huku, hakuna aliyejiandaa. Majahazi yakavunjika bandarini, nyumba zikaanguka, na kwa hesabu inayotajwa sana kiasi cha theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya kisiwa ikang'oka. Mkarafuu una mizizi isiyokwenda chini sana na kichwa kizito. Ukipandwa peke yake kwenye uwanja mpana, bila miti mirefu ya kuukinga, upepo unaulaza kama nywele. Laiti msitu ungeachwa hata vipande vipande kati ya mashamba, hasara isingekwisha, lakini upepo ungekutana na kitu cha kuukatisha.

Pemba kimbunga kiliigusa kidogo tu. Bei ya karafuu ikapanda kwa kuwa Unguja haikuwa na za kuuza, na wenye mitaji wakakimbilia Pemba kupanda. Kwa hiyo mafunzo ya dhoruba yakawa ni haya: kosa lile lile, likarudiwa kisiwa cha pili, tena kwa haraka zaidi. Vilima vya Pemba vikavuliwa msitu wake. Kaskazini ikabaki Ngezi, na vipande vidogo huku na huku, pamoja na miti mikubwa ya makaburini ambayo watu waliogopa kuikata ovyo. Mwisho wa karne ya 19 Pemba ikawa inatoa karafuu nyingi kuliko Unguja, na visiwa hivi viwili pamoja vikawa vinauza karafuu kuliko nchi nyingine yoyote duniani.

Kisha ugonjwa ukaja, kama ilivyotarajiwa kwa ukoo wa damu moja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mikarafuu mikubwa ilianza kukauka ghafla. Mti uliokuwa mzima ukawa mwekundu na kufa. Wazee waliuita ugonjwa huo kifo cha ghafla. Wataalamu walichukua miaka mingi hadi kugundua kwamba unasababishwa na ukungu, na kufikia hapo mashamba mengi ya Unguja yalikuwa yamebaki mapengo.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na familia zikagaiwa eka tatu tatu. Hapa ndipo historia inapogeuka kidogo na huwa haitajwi vya kutosha. Mwenye eka tatu hawezi kula karafuu. Akachomeka muhogo, ndizi, mafenesi, mishelisheli, michungwa katikati ya mikarafuu iliyokwishazeeka. Shamba la mistari likaanza kufanana tena na kichaka. Haikuwa siasa ya mazingira, ilikuwa njaa na akili.

Hata hivyo Indonesia nayo ikaanza kujitosheleza kwa karafuu za sigara zake, soko likaporomoka, na bei aliyolipwa mkulima wa hapa na shirika la serikali ilikuwa ndogo mno. Vijana wengine wakavusha karafuu kwa magendo usiku. Wengine wakafanya jambo baya zaidi kwa ardhi: wakachukua shoka. Mkarafuu unatoa kuni nzuri na mkaa mzuri. Mti uliopandwa na babu ukauzwa kwa magunia. Tangu 2011 bei ya mkulima imepandishwa sana na miche imegaiwa kwa wingi, alhamdulillah, lakini mti hauotei kwenye bei. Mche mchanga wa mkarafuu unataka kivuli na unyevu. Ukiupanda juani kwenye kilima kilichokwisha kung'olewa kila kitu, kiangazi cha kwanza kinauchukua. Siku hizi viangazi hivyo vinarefuka, na mvua za vuli zinakuja zinapotaka zenyewe. Nimeona mashimo mengi yenye kijiti kikavu katikati.

Rudini nami nyuma ya jiko, alikokutaja somo. Miaka yote ile ya mistari na amri na bei, kulikuwa na sehemu moja ambayo haikuandikwa kwenye daftari la mtu yeyote, nayo ni uani kwa mwanamke. Pale palikuwa na mrehani kwa ajili ya kitanda na kwa ajili ya kutuliza tumbo, asumini la kufunga kikuba, mlangilangi, mkadi, mhina, mdalasini mmoja, mpera, mkungumanga kwa waliobahatika, pilipili manga iliyotambaa juu ya mfenesi, mchaichai kwenye ukingo wa maji ya kuogea. Maji ya vyombo yalikwenda kwenye migomba. Majivu ya jikoni yalikwenda kwenye mboga. Hakuna aliyeuita huo uhifadhi. Lakini mbegu, vivuli, nyuki na ndege vilipata pa kujificha pale wakati vilima vimevuliwa. Bibi harusi alipotaka kusingwa, kisiwa kilikuwa tayari uani.

Nisiwe mkali kupita kiasi kwa mkarafuu. Shamba la zamani la karafuu lililochanganyika na miembe na mifenesi ni makazi pia. Pemba ina ndege wake wanne ambao hawapatikani popote pengine duniani, wakiwemo ninga wa Pemba na bundi mdogo wa Pemba, na bundi huyo amezoea kuishi hata kwenye mikarafuu. Ina mpapindi, mti wa jamii ya mnazi ambao nao ni wa Pemba tu, utauona Ngezi. Na ina popo.

Popo wa Pemba nawapenda kwa sababu habari yao inatia moyo. Ni popo wakubwa, wenye manyoya ya rangi ya kutu, wala matunda: maembe, mashelisheli, matunda ya mitini ya porini. Usiku wanaruka mbali na kudondosha mbegu, kwa hiyo wao ni wapanda msitu bila mshahara. Misitu ilipokatwa na bunduki zilipoongezeka, wakawindwa kwa nyama mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980 wakahofiwa kutoweka kabisa. Kisha vijiji vikaanzisha vikundi vya kuwalinda. Kidike, kati ya mashamba, watu waliacha miti yao isikatwe ili popo walale, wakawa wanapokea wageni wa kuwatazama. Katika muda wa miaka ishirini hivi popo wale waliongezeka hadi kukadiriwa karibu 20,000. Hawakujengewa uzio wala kuhamishwa watu. Waliachiwa miti ndani ya mashamba ya watu, basi.

Ndiyo maana miradi inayofanya vizuri leo Pemba na Unguja nikiitazama naona uani kwa bibi, ila kwa kipimo kikubwa. Community Forests Pemba, iliyoanza kwa kupanda miti pamoja na wanavijiji, hata kwenye kisiwa kidogo cha Kokota kilichokuwa kimeachwa wazi, imekuwa ikifundisha mashamba ya msitu wa viungo. Mradi wa Viungo, ambao taasisi hiyo iliuendesha pamoja na TAMWA Zanzibar na PDF kwa fedha za Umoja wa Ulaya, uliwalenga sana wanawake na vijana. Utaratibu wake si wa ajabu. Kwanza unapanda miti ya haraka inayorutubisha udongo, unaikata matawi na kuyaacha chini yaoze. Unaweka migomba kwa kivuli. Chini ya kivuli hicho ndipo unapoingiza mkarafuu, mdalasini, na vanila inayotambaa juu ya miti ile ile ya mwanzo. Udongo unashika maji. Mvua ikichelewa wiki mbili, mche haufi siku ya kumi. Na karafuu isipozaa, maana kila mtu anajua mkarafuu hauzai vizuri kila mwaka, kuna mdalasini wa kubandua na ndizi za kuuza.

Pwani kuna kazi nyingine. Mabonde ya mpunga yameanza kuingiwa na maji ya chumvi, bahari inapopanda na mikoko iliyokuwa ikiizuia imekatwa kwa kujengea na kuchomea chokaa. Wanaolima mpunga Pemba wengi ni wanawake, kwa hiyo wanaolia wa kwanza ni wao, na wanaoingia kwenye matope kupanda mikoko ni wao vilevile. Nilikwenda siku moja kuwasaidia. Nilipanda miche michache, nikapoteza kiatu kimoja, wakanicheka mpaka jioni.

Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Boti za Unguja zilisimama, na mama mmoja mzee jirani yangu aliniambia vimbunga huku havifiki. Nikamkumbuka bibi wa 1872 aliyeamka asubuhi akakuta miti yake imelala. Bahari ya Hindi inazidi kupata joto, na dhoruba hula joto hilo.

Sasa kwa nini nawaambia mabibi harusi? Kwa sababu miti hii ni mali yenu, na wengi hamjui. Katika visiwa vyetu mti unaweza kuwa na mwenyewe tofauti na ardhi iliyousimamisha. Mikarafuu hugawanywa kwa faraidhi, na binti ana fungu lake. Wanawake wamemiliki mikarafuu, wameinunua, wameiweka rehani (ndiyo, neno moja na ule wa kikuba, Kiswahili kina mzaha wake), na wameiwekea wakfu. Mashamba ya wakfu yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1905 ilianzishwa Kamisheni ya Wakfu kuyasimamia. Lakini nimesikia mara nyingi mno habari ya dada aliyeolewa mbali, akarudi baada ya miaka mitano kuulizia mikarafuu yake, akaambiwa ilikufa. Ilikufa au ilikatwa? Mkaa hausemi. Fungu la urithi lililo juu ya kilima kilichokauka ni fungu la karatasi. Waulizeni kaka zenu kwa upole, tena mapema: miti yangu ni mingapi, iko wapi, chini yake kumepandwa nini?

Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hadi 8. Ukipandwa mwaka wa harusi, mavuno ya kwanza yanakuja karibu na mtoto wa kwanza kuanza skuli, insha'Allah, na mti wenyewe unaweza kuishi kuliko wewe na mumeo. Sote tunaijua hadithi ya Mtume (s.a.w.) kuhusu apandaye mti, akala mtu, ndege au mnyama, ikawa sadaka kwake. Popo wamo humo, sioni kwa nini wasiwemo.

Yule mtoto wa kaka yangu aliyasikia maneno ya somo kama nilivyoyasikia mimi. Siku ya tatu baada ya harusi, hina bado nyekundu mikononi, alimwendea baba yake akasema, "Baba, ile mikarafuu mitano uliyonipa, nataka niione." Tulikwenda sote, na bwana harusi nyuma anabeba dumu la maji kwa adabu zote. Miwili ilikuwa mizima. Mmoja ulikuwa na ugonjwa kwenye tawi. Miwili haikuwepo, na kaka yangu akatazama chini, hakusema kitu, na binti hakumuuliza.

Akauliza tu kama anaweza kupanda migomba pale penye mapengo, kwa ajili ya kivuli, halafu mikarafuu mipya mvua za masika zikija. Baba yake akasema panda. Njiani kurudi tulipita kwa somo, ambaye alikuwa amekwisha pata mahali, hakusema wapi, machipukizi mawili ya mkadi yaliyofungwa kwenye gunia lenye unyevu. Moja limepandwa kando ya kisima. La pili nimekuja nalo Unguja kwenye boti, nimelishika mapajani njia nzima, na liko uani kwangu kwenye ndoo hadi nitakapopata pa kulitia.